Baridi Haina Wenyewe

Kuna hadithi ambayo wengi wetu tumeisikia, iwe ni kwa matatu, kwa kinyozi, au kutoka kwa mjomba anayependa kubishana: ati Wazungu walivumbua vitu kwa sababu kwao kuna baridi. Ukiishi kwenye theluji lazima ufikirie, upange, uweke akiba, utengeneze zana. Sisi huku jua linawaka mwaka mzima na embe linaanguka lenyewe, kwa hivyo tulikaa tu. Husemwa kama utani, lakini wanaoisema huiamini, na mara nyingi wanaoisema ni sisi wenyewe.

Si hadithi mpya. Mwaka wa 1748 Mfaransa Montesquieu alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria na serikali, na ndani yake akadai kwamba hewa baridi huwapa watu nguvu na ujasiri, nayo joto huwafanya wavivu. Wengi baada yake walilichukua wazo hilo na kulitumia walivyotaka. Hapa Kenya lilishuka kutoka vitabuni likaingia ardhini. Walowezi walisema nyanda za juu zina hewa ya kufaa Mzungu, na kufikia mwaka wa 1939 kulikuwa na amri rasmi kutoka Uingereza iliyoweka mipaka ya ardhi hiyo kama eneo lao. Kwa hivyo tusiichukulie kama porojo tu. Hadithi hii iliwahi kuwa na hatimiliki.

Basi tuipime. Kama huna chuma, huna kiwanda, huna mitumba ya Gikomba, unahitaji zana gani ili baridi isikuue? Na hizo zana zilitengenezwa na nani, wapi?

Mkuki hauzuii upepo

Ukitazama filamu za watu wa kale, utaona mwanamume mwenye nywele timtim ameshika mkuki. Sawa, mkuki utakupatia mnyama. Lakini mkuki hauzuii upepo. Na ngozi mbichi ukijitupia tu mgongoni haikusaidii sana: ikiwa na unyevu itaoza na kunuka, ikikauka itakuwa ngumu kama mbao. Kati ya mnyama aliyeuawa na koti linalovalika kuna kazi ya siku nyingi, na kazi hiyo ndiyo iliyoamua nani ataishi.

Kwanza ngozi inawambwa, kwa vigingi ardhini au kwa fremu ya miti. Kisha upande wa ndani unakwanguliwa mpaka nyama, mafuta na utando vyote vitoke. Halafu inapakwa mafuta, au ubongo wa mnyama mwenyewe, na kufinyangwafinyangwa ili nyuzi zake zisigandane. Wengine huimalizia kwa moshi, ili ikilowa isirudi kuwa ngumu.

Zana kuu hapo ni jiwe la kukwangulia, na utengenezaji wake unataka jicho na mkono. Unachagua jiwe linalopasuka kama kioo. Ulaya walipenda gumegume. Huku kwetu kulikuwa na obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Unaligonga pembeni kwa jiwe lingine mpaka kibanzi kitoke. Kibanzi hicho tayari kina makali ya kukata nyama, lakini kwa ngozi makali hayo ni hatari, yatatoboa. Kwa hivyo unamega ukingo wake kidogo kidogo, mapigo mengi mepesi, mpaka usimame wima kiasi: mkali wa kutosha kuondoa utando, butu wa kutosha kuacha ngozi nzima. Ukishakwangua kwa muda ukingo unachoka, unaumega tena, na tena. Jiwe linazidi kupungua mpaka linabaki kama ukucha, ndipo linatupwa. Ndiyo maana wachimbuaji wa mambo ya kale wanaokota mawe haya kwa wingi. Wanaokota kazi ya siku nyingi iliyotupwa jalalani.

Baada ya jiwe kuna msharasi, kile kijiti chenye ncha ambacho fundi wa viatu bado anakitumia kando ya barabara. Cha zamani kilikuwa mfupa uliochongwa na kusuguliwa kwenye jiwe la mchanga. Unatoboa ngozi, unapitisha uzi. Uzi wenyewe ni ukano wa mnyama, ule wa mgongoni au mguuni, uliokaushwa, ukapondwa, ukachanwa kuwa nyuzi nyembamba.

Ndipo ikaja sindano yenye tundu. Zile za zamani zaidi zinazofahamika zinatoka Siberia, miaka kama 40,000 iliyopita. Katika pango la Denisova wachimbuaji walipata moja ya mfupa yenye urefu wa zaidi ya sentimita 7, na tundu lake bado lipo. Njia moja iliyotumika sana kutengeneza sindano ni kuchora mifereji miwili sambamba kwenye mfupa kwa jiwe kali, kuizidisha kina mpaka ukanda wa katikati utoke, kisha kuuchonga, kuutoboa na kuusugua ulainike. Tundu ndilo lenye presha. Ukikosea mwishoni, mfupa unapasuka na unaanza upya.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu kinachozuia baridi hasa ni hewa iliyotulia karibu na mwili. Ngozi uliyojifunga mabegani kama shuka huacha upepo uingie chini na joto litoke juu. Nguo iliyoshonwa ikakaa mwilini, yenye mikono na miguu, hufungia ile hewa ndani, na mshono mzuri hukuwezesha kuvaa nguo moja juu ya nyingine. Wainuit wa Aktiki waliifikisha kazi hii mbali sana. Mavazi yao ya majira ya baridi yalikuwa ya ngozi ya karibu, tabaka mbili, la ndani manyoya yakigusa mwili na la nje manyoya yakitazama hewani. Viatu vyao vya kupita majini vilishonwa kwa ukano, ambao ukilowa hufura na kuziba tundu. Fundi, tena, alikuwa mwanamke. Mwindaji ambaye hakushonewa vizuri hangetoka nyumbani, seuze arudi na nyama.

Huko Wyoming, Marekani, mahali panapoitwa La Prele, kumepatikana vipande vya sindano za mfupa vya miaka kama 12,900 iliyopita. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kwamba mifupa hiyo ilitoka kwa mbweha, sungura na wanyama wa jamii ya paka. Yaani wale wale wenye manyoya laini. Inaelekea mnyama mmoja alitoa manyoya na sindano ya kuyashonea.

Chawa hawadanganyi

Mpaka hapo mjomba atafurahi: unaona, Siberia, Marekani, Aktiki! Baridi ndiyo mwalimu. Ngoja kidogo.

Manyoya na ngozi huoza, kwa hivyo nguo za kale hatuna. Lakini tuna chawa. Chawa wa kichwani huishi kwenye nywele, chawa wa mwilini huishi kwenye nguo, na huyu wa nguo alitokana na yule wa kichwani. Hangeweza kuwepo kabla ya watu kuanza kuvaa. Mwaka wa 2011 watafiti walipima tofauti za vinasaba vyao wakakadiria kwamba waliachana angalau miaka 83,000 iliyopita, na pengine miaka 170,000. Wakati huo babu na nyanya zetu wengi walikuwa wangali Afrika. Mazoea ya kuvaa yalianzia huku.

Kuna mifupa pia. Katika pango la Contrebandiers, pwani ya Morocco, zimepatikana zana zaidi ya 60 za mfupa, za kati ya miaka 120,000 na 90,000 iliyopita. Baadhi zina ncha bapa ya mviringo, umbo linalofaa kusafisha ngozi bila kuitoboa. Pamoja nazo kulikuwa na mifupa ya mbweha, bweha na paka mwitu yenye alama za visu mahali ambapo mtu hukata anapochuna ngozi. Hao hawakuliwa tu; walichunwa kwa sababu ya manyoya. Na katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kuna misharasi ya mfupa ya zaidi ya miaka 70,000 iliyopita.

Halafu kuna Ethiopia. Milima ya Bale inapita mita 4,000, usiku hupiga baridi ya kugandisha maji, na wakati wa zama za barafu vilele vyake vilifunikwa na barafu. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba watu hawakuishi kwenye miinuko kama hiyo mpaka hivi karibuni kihistoria. Mwaka wa 2019 timu iliyoongozwa na Götz Ossendorf ilichapisha matokeo kutoka mwamba wa Fincha Habera, karibu mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Watu waliutumia kati ya miaka 47,000 na 31,000 iliyopita, wakirudi mara kwa mara. Walikula fuko wakubwa, wanyama wa karibu kilo moja waliowatoa mashimoni na kuwachoma. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya wanamjua binamu yake mdogo, huyo anayemaliza viazi chini kwa chini. Na kwa ajili ya zana walipanda juu zaidi, zaidi ya mita 4,200, kuchukua obsidiani karibu na barafu yenyewe.

Fikiria hesabu waliyopiga. Walijua jiwe zuri liko wapi na chakula kiko wapi, na moto wao uliwaka chini ya mwamba unaokinga upepo. Hakuna aliyewangoja wafundishwe na msimu wa baridi wa Ulaya.

Hata hapa nyumbani. Kwenye kingo za Mau, magharibi ya Naivasha, kuna pango liitwalo Enkapune Ya Muto, kwenye mwinuko wa mita kama 2,400. Aliyewahi kulala upande huo mwezi wa Julai anajua. Humo wachimbuaji walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni za miaka kama 40,000 iliyopita, nyingine hazijamalizika, na vijiwe vidogo vya obsidiani vya kukwangulia, saizi ya ukucha wa kidole gumba. Jiwe lilitoka jirani, Eburru na milima ya karibu. Hizi ndizo nyanda ambazo baadaye zingeitwa za hewa ya Mzungu.

Na huyo Mzungu wa zamani? Mwaka wa 1991 watembezi walikuta maiti iliyoganda kwenye Alpi, mpakani mwa Italia na Austria, mita 3,210 juu. Jamaa huyo, Ötzi, aliishi miaka kama 5,300 iliyopita. Koti lake lilikuwa vipande vya ngozi ya mbuzi na kondoo vilivyoshonwa kwa ukano, kofia ya ngozi ya dubu, viatu vyenye nyasi ndani za kuhifadhi joto. Alibeba kisu cha gumegume na kijiti mfano wa penseli, chenye ncha ya pembe ya paa, cha kumega makali upya. Fundi kamili. Mwaka wa 2023 uchambuzi wa vinasaba vyake ulionyesha kwamba ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya Wazungu wa leo, na sehemu kubwa ya wazee wake walikuwa wakulima waliotoka upande wa Uturuki ya sasa. Hata alama kuu ya baridi ya Ulaya ilitoka kwingine.

Mkono gani uliosahaulika

Tuwe wa haki: sindano yenye tundu haijapatikana Afrika mapema kama Siberia. Baridi kali ilidai nguo za kubana, na watu wa huko wakatoboa tundu. Lakini tundu hilo lilihitaji mtu anayejua tayari kuchuna, kukwangua, kuchonga mfupa na kusokota ukano. Ujuzi huo ulisafiri na watu. Baridi iliongeza hatua ya mwisho, haikuleta akili.

Tena kuna kosa la pili ndani ya hadithi ya mjomba, nalo ni kudhani mvumbuzi ni yule wa mkuki. Kule Konso, kusini mwa Ethiopia, wataalamu waliwakuta wanawake wanaotengeneza mawe ya kukwangulia ngozi, katika zama zetu hizi za redio na simu. Wao ndio wachagua jiwe, ndio wagongaji, ndio wanaolimega upya likichoka, na msichana hujifunza kwa mama yake. Kwa miaka mingi vitabu vilichukulia kwamba kila jiwe lililochongwa lilichongwa na mwanamume. Hakuna aliyekuwa amewauliza hawa.

Ukipita Hell's Gate, karibu na Naivasha, utaona obsidiani ikimetameta kwenye udongo wa njia. Iache hapo ilipo. Lakini iangalie vizuri, kisha siku nyingine mtu akianza yale maneno ya embe na jua, mwambie kuhusu watu wa Bale, waliopanda hadi ukingo wa barafu wakachagua jiwe na kushuka nalo jioni.