Ukoko Ndani ya Injini ya Motokaa

Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya uchafu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: UKOKO, PISTONI, RISASI. Nitangoja kidogo.

Haya. Kila mpishi anaujua ukoko. Wali ukisahauliwa motoni hushika chini ya sufuria, ukawa mweusi na mgumu, wala hautoki mpaka ukwaruzwe. Injini ya motokaa nayo ni jiko. Petroli huungua ndani ya silinda, na mafuta ya kulainisha hupenya kidogo kandokando ya ringi za pistoni yakaungua pamoja nayo. Kile kisichoungua vizuri hugeuka kaboni, ndicho kitu kile kile kilichomo katika masizi na makaa. Kaboni hiyo hushika juu ya pistoni, kwenye valvu, na katika dari ya silinda.

Ubaya wake ni nini? Kwanza, ukoko unakula nafasi, kwa hiyo hewa na petroli hubanwa kupita kiasi. Pili, unashika joto. Kipande chake huweza kuwa chekundu kama kaa la moto kikawasha petroli kabla plagi haijatoa cheche. Ndipo injini inapogonga, hasa gari likipanda mlima lina mzigo: ko, ko, ko, kama mtu apigaye nyundo ndani ya bati. Nguvu hupungua, na kugonga kukizidi hata pistoni huweza kutoboka.

Sasa turudi nyuma. Katika magari mengi ya kwanza, silinda na kifuniko chake vilikuwa chuma kimoja. Kuufikia ukoko ilikuwa taabu kubwa. Mwaka 1908 Henry Ford wa Marekani alitoa gari lake la Model T, ambalo kifuniko cha injini kiliweza kufunguliwa. Kitabu cha maelezo kilichotolewa kwa wenye gari hilo kiliandikwa kwa maswali na majibu, kama somo letu hili. Kiliwaambia wamwage maji ya rejeta, wafungue boliti 15, wainue kifuniko, kisha wakwaruze kaboni kwa kisu butu au bisibisi, wakichunga vipande visiangukie ndani ya silinda. Maneno hayo hayakuandikiwa fundi. Yaliandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye gari. Mimi naona hilo ni jambo kubwa katika historia ya elimu ya watu wazima, ingawa sijaliona katika kitabu chochote cha elimu.

Huko Uingereza, gari dogo la Austin Seven lilitokea mwaka 1922. Watu wa kipato cha kadiri walilinunua, nao hawakuwa na fedha za kumlipa fundi kila mara. Basi Jumamosi baba alivua koti akafungua injini mbele ya nyumba. Kwanza nati za kifuniko, akizilegeza kidogo kidogo kwa zamu ili kifuniko kisipinde. Kisha gasketi, ambayo siku zile mara nyingi ilikuwa shaba iliyofunika asbesto. Pistoni mbili zilizo chini aliziba tundu zake kwa vitambaa, akazikwaruza zile zilizo juu. Hapo ndipo akili ilipotakiwa. Pistoni ni ya aluminiamu, nayo ni laini. Ukitumia chuma kikali unaichora, na kila mchoro ni shimo jipya la kushika ukoko. Wenye busara walichonga kipande cha mti mgumu, wakalowesha ukoko kwa mafuta ya taa ulainike.

Wako waliotaka njia ya mkato wakatumia kostiki soda. Kostiki soda inasafisha chuma barabara, lakini aluminiamu inailiwa nayo, inachemka na kutoa gesi iwakayo moto. Mtu huyo huitoa pistoni ndani ya ndoo imekwisha liwa, na macho yake mwenyewe yamo hatarini.

Neno la tatu ubaoni ni RISASI. Hapa sina maana ya risasi ya bunduki, bali ile madini laini na nzito. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mtaalamu wa kampuni ya General Motors, aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Ilianza kuuzwa mjini Dayton, Marekani, mwaka 1923. Mwezi wa Oktoba 1924 wafanyakazi watano waliokuwa wakiishughulikia dawa hiyo huko Bayway, New Jersey, walirukwa na akili wakafa. Midgley akawaita waandishi wa habari akanawa mikono kwa dawa hiyo mbele yao, kuonyesha ati haina madhara. Naye mwenyewe alikuwa ameugua kwa risasi mwaka uliotangulia.

Biashara iliendelea. Tangu hapo ukoko haukuwa kaboni tupu. Ulichanganyika na risasi. Yule baba wa Jumamosi alikuwa akiukwaruza ukiwa mkavu, akiupuliza kwa mdomo, na watoto wakimwangalia kwa karibu. Hakuna aliyemwambia kwamba risasi huharibu akili za watoto, tena hata kidogo yake. Mafundi wengi, hata huku kwetu, walinawa grisi mikononi kwa petroli ile ile. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Karibu miaka mia, basi.

Kazi ya kukwaruza nyumbani ilikwisha polepole. Mafuta ya kulainisha yalitiwa dawa ya kuosha tangu miaka ya 1930, kwanza kwa sababu ringi za matrekta ya dizeli zilikuwa zikigandia. Petroli nayo ikafuata. Marekani iliamuru kwa sheria itiwe dawa ya kusafisha kuanzia mwaka 1995.

Lakini ukoko umerudi kwa mlango mwingine. Injini nyingi za siku hizi hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zamani petroli ilipita juu ya valvu za kuingizia hewa ikaziosha. Sasa haipiti huko, nazo valvu zinaota ukoko tena. Mafundi huzipiga kwa upepo wenye maganda ya jozi yaliyosagwa, kokwa moja ya nchi za baridi. Maganda hayo ni magumu ya kutosha kuvunja ukoko, nayo ni laini, hayachori chuma.

Mwalimu, sasa fungueni majadiliano. Swali ni hili: katika gereji iliyo karibu nanyi, vumbi la injini hufagiwa na nani, tena hutupwa wapi?