Mwindaji na mipaka ya shabaha yake: Funzo la Ruiru na Thika

MSAFIRI anayetoka Ruiru kuelekea Thika siku hizi huona majumba ya kupangisha, viwanda na mashamba ya kahawa. Ni vigumu kuamini kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 nyanda hizi zilijaa nyati, viboko na vifaru, na kwamba wawindaji walivuka bahari ili kuja kuwafuata.

Mashuhuri kati yao alikuwa Theodore Roosevelt, aliyewasili mwaka 1909, muda mfupi baada ya kuondoka madarakani kama Rais wa Marekani. Alifika pamoja na mwanawe, Kermit, kukusanya wanyama kwa niaba ya taasisi ya Smithsonian ya Washington. Walikuwa wageni wa tajiri William Northrup McMillan katika shamba la Juja, kisha wakawinda nyati katika shamba la mlowezi Heatley, kando ya mto Kamiti.

Kufikia mwisho wa safari, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512. Roosevelt 296 na Kermit 216. Hata hivyo, Roosevelt hakuwa mlenga shabaha hodari. Alivaa miwani na jicho lake la kushoto lilikuwa limepoteza uwezo wa kuona. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1910 hakuficha kwamba alikosa mara nyingi.

Kisa cha Kamiti kinaonyesha hatari yenyewe. Nyati walijificha katika kinamasi cha mafunjo. Baada ya baadhi yao kupigwa risasi, kundi zima liligeuka na kuwakabili wawindaji. Kiongozi wa msafara, R.J. Cuninghame, aliwaonya wenzake wasikimbie. Walisimama imara, na hatimaye kundi likarudi nyuma.

Kipimo cha umbali

Kila mwindaji ana masafa yake, yaani umbali ambao hapaswi kufyatua risasi akiuvuka. Masafa hayo hayaamuliwi na uwezo wa bunduki, bali na mkono na jicho la anayeishika.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu ambaye risasi zake hutawanyika kwa sentimita 10 katika umbali wa mita 100, zitatawanyika kwa sentimita 30 katika mita 300, hata kama mkono hautatetemeka zaidi. Ilhali sehemu yenye moyo na mapafu ya swala wa wastani haizidi sana upana wa sahani. Isitoshe, katika mita 300 risasi ya kawaida huchukua karibu nusu sekunde kufika. Katika muda huo mnyama anayetembea huwa amesogea takriban nusu mita, na risasi iliyolenga moyo huishia tumboni.

Kwa hivyo, njia ya kuujua mpaka ni kujijaribu kwa shabaha yenye ukubwa wa sahani, si mezani bali katika hali ya porini: mtu akiwa amesimama, amepiga goti au anahema baada ya kutembea. Umbali ambao risasi zote huingia ndani ya sahani ndio mpaka wake. Upepo, giza la jioni na uchovu huupunguza.

Wawindaji wa jadi walilifahamu jambo hili. Wakamba, ambao ni majirani wa Thika upande wa Ol Donyo Sabuk, walitumia mishale iliyopakwa sumu ya mti. Upinde haufiki mbali, hivyo mwindaji alilazimika kunyatia na kusubiri mpaka awe na hakika.

Deni la aliyejeruhi

Risasi mbaya huacha deni. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani na kumvizia anayemfuata, na mara nyingi anayemfuata kwanza ni msomaji nyayo, si yule aliyefyatua. Mnyama huyo asipopatikana, hatari humwangukia mchungaji au mwanamke anayekata kuni siku inayofuata. Ndiyo maana kati ya wawindaji waliojiheshimu ilikuwa aibu kumwacha mnyama aliyejeruhiwa, na aliyekosea hakuruhusiwa kutafuta windo jingine kabla ya kummaliza yule wa kwanza.

Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoundwa Nairobi mwaka 1934, kilichagua kaulimbiu ya Kilatini yenye maana kwamba mwindaji asiwe na woga wala ujasiri wa kipumbavu. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1977, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaendelea kuharamisha uwindaji wa burudani na hata ule wa kitoweo.

Nyati hawajatoweka kabisa. Wangali katika Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, iliyotengwa mwaka 1967, mlima ambako McMillan alizikwa. Mnyama akitoka mbugani, mwenye bunduki yenye leseni hana ruhusa ya kumwinda. Jukumu la kwanza la mwananchi ni kukaa mbali na kulijulisha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Sheria hiyo ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama kama huyo, na Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu.

Bunduki za wageni zimenyamaza katika nyanda za Juja na Kamiti, lakini kanuni ingali ile ile kwa askari wa wanyamapori anayetumwa kumkabili nyati kijijini: asiye na hakika ya shabaha yake na asogee karibu zaidi, au ashushe bunduki.