Hip hop ya Arusha jukwaani: unachosikia kwenye shoo ambacho redio haikupi

Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kutoka Ngarenanyuki hadi Oldonyo Sambu, wapo wasikilizaji wanaozijua sauti za Joh Makini, G Nako na Lord Eyes kama wanavyozijua sauti za majirani zao, lakini hawajawahi kuwaona wakichana. Makala haya yanaeleza hip hop ya Arusha ilikotoka, nini hasa hutokea msanii anapopanda jukwaani, na mambo ya kupanga kabla hujatoka nyumbani.

Vijana wa mjini wanaiita Arusha "Chuga", na rap yao inajulikana kwa mistari mizito kuliko nyimbo za kubembeleza. Kundi lililoipeleka mbali sauti hiyo ni X Plastaz, lililoanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Humo alikuwamo Yamat ole Meipuko, maarufu kama Merege, Mmasai aliyeimba kwa sauti za kooni kama zile unazozisikia kwenye sherehe za maboma, huku wenzake wakichana kwa Kiswahili. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya OutHere ya Ujerumani, na walizunguka majukwaa ya Ulaya. Mtu anaweza kuona mashuka na shanga jukwaani akadhani ni urembo wa kuwauzia watalii. Asikilize vizuri: mara nyingi sauti ya Merege ndiyo inayoubeba wimbo, na ukiitoa hubaki mdundo wa kawaida tu.

Mwaka 2006 Faza Nelly, mmoja wa nguzo za kundi hilo, aliuawa. Miaka mitatu baadaye mwenzake Gsan alichana kwa Kiswahili katika kipindi cha mitindo huru cha tuzo za BET Hip Hop nchini Marekani.

Nyuma yao walikuja Nako 2 Nako na River Camp, na kutoka makundi hayo likazaliwa Weusi, lenye Joh Makini, mdogo wake Nikki wa Pili, G Nako, Lord Eyes na Bonta. Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2021.

Shoo kubwa za Arusha zimekuwa zikifanyika kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, katikati ya mji, jirani na stendi. Wengi hulitaja jina hilo bila kumfikiria mwenyewe. Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, na alifariki mwaka 1964. Kabla ya yote hayo alikuwa mshairi: mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kinachofundisha vina na mizani. Kwa hiyo vijana wanaochana pale wanatupa vina kwenye uwanja wa mwalimu wa vina. Tofauti ni kwamba mshairi huhesabu mizani, mchanaji huhesabu ngoma, na kina chake hupenda kuangukia pale ngoma inapopiga. Mzee anayesema rap ni kelele tu ajaribu siku moja kuhesabu vina vya ubeti mmoja.

Sasa, jukwaani. Jambo la kwanza la kuangalia ni kama msanii anachana kweli au anatumia pleibeki, yaani wimbo mzima unapigwa pamoja na sauti yake ya studio, naye anafuatisha kwa mdomo. Utamtambua kwa pumzi. Anayechana kweli hupumua kati ya mistari, sauti hushuka maiki ikienda mbali na mdomo, na wimbo wa tatu hausikiki laini kama wa kwanza. Wa pleibeki anaruka, anakimbia, anageuka nyuma, na sauti haitikisiki hata kidogo. Wapo wanaochanganya: ubeti wanachana, kiitikio kinapigwa na DJ. Hilo si udanganyifu, hasa kama kiitikio kiliimbwa na mtu ambaye hayupo.

Halafu kuna dakika ambayo redio haiwezi kukuletea. Msanii anamwashiria DJ akate mdundo, uwanja unanyamaza, naye anaendelea kuchana kwa sauti tupu. Akifika mwisho wa mstari ananyamaza, na watu wote wanaitikia neno la mwisho kwa pamoja. Hapo ndipo utakapojua kwamba mistari uliyoishika ukichunga au ukipalilia, kuna maelfu wengine waliishika pia. Kwa maoni yetu, hilo peke yake linatosha kulipia kiingilio.

Lakini shoo huisha usiku, na hapo ndipo wa vijijini wanapoumia. Magari ya Tengeru, Usa River na Ngaramtoni hupungua sana saa hizo, na ya kupanda huko juu mlimani huwa hayapo kabisa. Panga kurudi kabla ya kupanga kwenda: pata ndugu wa kulala kwake mjini, au changeni wenzako mkodi Noah, na bei mkubaliane na dereva mchana. Bodaboda ya usiku peke yako kwenye barabara ya vumbi si ya kutegemea. Chukua koti, hasa Juni na Julai, kwa sababu baridi ya Meru haijali kama umecheza. Kiingilio nunua mahali palipotangazwa, na usitume pesa kwa namba uliyoipata kwenye ujumbe wa kusambazwa. Simu iweke mfuko wa mbele, ikiwa na chaji ya kutosha kumpigia dereva. Ukirekodi wimbo mzima utabaki na video yenye kelele na betri iliyokufa, na gari lako hutalipata.