Vijumba, vigari na vyombo vidogo vya Eastlands

Vijumba vya wanasesere na ukusanyaji wa vitu vidogo ni shughuli ya kujifurahisha ambayo mtu huunda, hununua au huokota mifano midogo ya nyumba, samani, vyombo na magari, akaipanga ifanane na maisha halisi. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, shughuli hii haina jina moja. Mtoto wa Kayole atasema anacheza kalongolongo, kijana wa Buruburu atasema anaunda nganya, yaani matatu iliyorembwa, na mzee wa Jericho atafungua kabati la kioo na kukuonyesha vigari vyake bila kuvipa jina lolote. Makala haya yanaiweka michezo yote hiyo chini ya paa moja, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya kuupunguza mtaa mpaka uenee mkononi.

Kiswahili kinaisaidia kazi hiyo kuliko lugha nyingi. Weka nomino katika ngeli ya ki-vi na kitu chenyewe kinanywea: nyumba inakuwa kijumba, gari linakuwa kigari, sanduku linakuwa kisanduku, mlango unakuwa kilango, na mji mzima unakuwa kijiji. Mtoto anayejifunza kusema hivyo amekwisha kupewa wazo la mchezo.

Kalongolongo

Kalongolongo ni mchezo wa kuigiza nyumba: kuna baba, mama, watoto na mara nyingi mgeni. Huchezwa chini ya ngazi za ghorofa, nyuma ya choo cha ploti, au penye kivuli cha ukuta saa za alasiri. Leso moja ni sakafu na nyingine ni ukuta. Udongo uliokorogwa maji ni ugali, majani ya ua ni sukuma wiki, vifuniko vya soda ni sahani, na mkebe wa Kimbo au Blue Band ni sufuria. Fedha ni majani ya mti, na bei hupatanwa kwa ukali uleule wa soko la Muthurwa.

Mwanasesere wa kwanza wa watoto wengi hakununuliwa. Ni kigunzi cha mahindi kilichovishwa kitambaa, au soksi iliyojazwa matambara na kufungwa shingo kwa uzi. Kwa kusuka nywele, wasichana hutafuta nyasi ndefu, huzing'oa na mizizi yake, wakageuza mizizi kuwa nywele. Huenda ususi mwingi wa saluni za mtaani ulianzia hapo. Wanasesere wa plastiki huja kwa njia ya soko la Gikomba, ndani ya marobota ya mitumba ya vitu vya kuchezea. Mara nyingi wamepoteza kiatu au mkono, na watoto huwapokea hivyohivyo na kuwashonea nguo mpya za vitambaa vya fundi cherehani.

Chumba kimoja kwa inchi

Ulaya, kijumba cha wanasesere kilianza kama kabati la matajiri. Cha Petronella Oortman, kilichoundwa kati ya 1686 na 1710, kingali katika jumba la Rijksmuseum mjini Amsterdam. Kijumba cha Malkia Mary wa Uingereza, kilichobuniwa na msanifu Edwin Lutyens, kilikamilika 1924 na sasa kimo katika kasri la Windsor. Kina umeme, na maji yanayopita kwenye mabomba. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1920, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwahamishia Waafrika wa Nairobi eneo la Pumwani, ambako walijijengea nyumba za udongo kwa ramani ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Ukiviweka vijumba hivi viwili juu ya meza moja, cha malkia na cha Pumwani, utakuwa umesoma sura nzima ya historia ya ukoloni bila kufungua kitabu.

Kijumba cha Malkia Mary kilijengwa kwa uwiano wa 1:12, na uwiano huo ndio unaotumiwa zaidi duniani mpaka leo. Kwa fundi wa Nairobi ni zawadi, maana hapa chumba bado hupimwa kwa futi: kila futi moja inakuwa inchi moja. Chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ndicho makao ya familia nyingi za Mathare, Huruma na Kariobangi, kinakuwa kisanduku cha inchi 10 kwa 10. Kitanda cha nne kwa sita kinakuwa inchi 4 kwa 6. Hakuna hesabu nyingine inayohitajika.

Na chumba hicho kimoja kina mengi ya kuundwa kuliko jumba la kifalme. Kuna pazia linalotenga kitanda na sebule. Kuna kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, meza yenye kitambaa chake, kabati la vyombo lenye vikombe visivyoguswa mpaka mgeni aje, chupa ya chai, kalenda ya mwaka uliopita ambayo haikuondolewa kwa sababu picha yake ni nzuri, mitungi ya maji iliyopangwa mlangoni, kitanda cha ghorofa cha watoto. Muundaji anayesahau vitambaa amekosea. Sebule ya Eastlands bila vitambaa ni chumba cha hoteli.

Vifaa vipo mtaani. Mabati ya paa hutokana na boksi la kadibodi: lowesha upande mmoja kidogo, bandua karatasi ya juu, na mawimbi ya ndani yatajitokeza. Wimbi la bati halisi lina upana wa milimita 76 hivi. Ukigawanya kwa 12 unapata kama milimita 6, ambazo haziko mbali na upana wa wimbi la boksi la kawaida. Paka rangi ya fedha, kisha gusa kwa chai ya rangi iliyokolea, na kutu itaonekana. Kofia ya kalamu hufaa kuwa chupa ya chai. Kipande cha chombo cha njano cha mafuta ya kupikia hukatwa kuwa mtungi. Jiko la mkaa lenye tumbo la udongo, lile lililoenea Kenya katika miaka ya 1980 na ambalo mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo hulifua mchana kutwa, ni gumu kidogo kwa sababu ya kiuno chake kilichobanwa. Wenye subira hulikata kutoka mkebe wa soda na kutia ndani unga wa mkaa wa kweli.

Kila mtaa una umbo lake, na mkusanyaji makini hachanganyi. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ina nyumba za mawe zilizopangwa kuzunguka ukumbi wa jamii na nyasi zake; kijumba chake hutaka bustani. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ni nyumba za orofa moja juu, zenye ngazi ndani na geti mbele, na siku hizi kibanda cha duka kilichochomoza ukutani. Dandora ni jambo jingine kabisa. Mradi wake wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulitoa takriban ploti 6,000 zenye choo na maji, na mwenye ploti akaachiwa kujenga vyumba vyake mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Kwa hiyo kijumba cha Dandora kinafaa kuundwa vilevile: anza na choo, ongeza chumba, ngoja, ongeza kingine.

Kutoka gari la waya hadi nganya

Upande wa pili wa shughuli hii ni barabara. Gari la waya huundwa kwa seng'enge, henga za nguo na vipande vya mpira wa blada vinavyofunga viungo. Magurudumu ni vifuniko vya chupa, mikebe ya rangi ya viatu, au duara zilizokatwa kwenye slipa zilizochakaa. Fimbo ndefu ya waya hutoka kwenye ekseli ya mbele hadi kiunoni mwa dereva, na juu yake usukani wa kweli unaopinda magurudumu. Dereva hukimbia nyuma ya gari lake huku mdomo ukitoa sauti ya injini. Mafundi wa mitambo wanapaswa kuuangalia usukani huo kwa heshima: mtoto wa miaka tisa ametatua namna ya kugeuza mwendo wa mkono kuwa mwendo wa gurudumu, bila mchoro wala mwalimu.

Gari linaloigwa kuliko yote ni matatu, gari la kubeba abiria. Jina lake latoka kwa nauli ya zamani, mapeni matatu ya senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu rasmi kubeba abiria, na tangu hapo njia za Eastlands, kama ya 58 ya Buruburu na za 6 na 9 za Eastleigh, zikawa maonyesho ya michoro yanayotembea. Kanuni zilizoletwa na Waziri John Michuki zilianza kutumika Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni, na michoro ikapigwa marufuku. Ilirudi kwa nguvu baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuitetea mwaka 2014. Kigari cha kadibodi hakikuwa na polisi wa kukisimamisha. Michoro iliyokatazwa barabarani ingeweza kupakwa juu ya meza, na hilo pekee latosha kuonyesha thamani ya mfano mdogo.

Vijana wanaounda nganya ndogo leo hutumia kadibodi ngumu, vipande vya plastiki, madirisha ya chupa ya maji iliyonyooshwa, gundi kali, wembe, na taa ndogo za betri. Wengine hutia spika ya simu ndani ili muziki utoke. Basi la abiria 33 lenye urefu wa mita 7 hivi litakuwa na sentimita 58 kwa uwiano wa 1:12, sentimita 29 kwa 1:24, na 11 tu kwa 1:64. Ule wa kati ndio unaopendeza zaidi: mkono una nafasi ya kuandika jina la gari na kuchora uso wa mwanamuziki, na bado nganya itakaa juu ya meza ya televisheni. Matatu zimeingia pia katika sanaa ya majumba ya maonyesho, hasa kwa machapa ya mbao na sanamu za Dennis Muraguri.

Atakayedharau kadibodi na amkumbuke Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa (1948–2015). Kwa karatasi, boksi na vifungashio aliunda majengo na miji mizima ya kubuni. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989, na mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA la New York likamfanyia maonyesho yake peke yake. Vifaa vyake vyote vingepatikana Gikomba kwa asubuhi moja.

Wachongaji

Jina la mtaa wa Kariokor linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita hivyohivyo vilimpeleka Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, hadi Tanganyika, ambako aliona uchongaji wa Wazaramo na kurudi nao nyumbani. Wazaramo ndio wenye mwana hiti, umbo dogo la mti alilopewa mwali akiwa ndani. Hilo lilikuwa jambo la unyago, na si sawa kuliita kitu cha kuchezea. Ujuzi wa Wakamba ulikuja kukaa Pumwani, kwenye karakana za Gikomba. Kwa mkusanyaji, kilicho bora huko ni wanyama wadogo wa muhugu, mzeituni au mpingo. Tazama miguu na masikio: mchongaji mwenye haraka huyaacha mazito.

Kukusanya na kutunza

Anayenunua vigari vya chuma kwenye mitumba ageuze chini kabla ya kulipa. Maneno Lesney na England yanaonyesha kwamba ni Matchbox ya zamani, aina iliyoanza 1953 na kuitwa hivyo kwa sababu ilitoshea katika kisanduku cha kiberiti. Katika Hot Wheels, zilizoanza 1968, mwaka ulioandikwa chini ni wa muundo, wala si lazima uwe wa kutengenezwa. Adui ni vumbi na jua. Kabati la kioo la sebuleni linatosha, mradi lisielekee dirisha. Rangi ya kiwandani isipakwe upya. Mchubuko ni sehemu ya safari ya kigari.

Mitaa inayoondoka

Serikali ya kaunti ina mpango wa kubomoa mitaa ya zamani na kujenga ghorofa ndefu, na nyumba za zamani za Pangani tayari zimevunjwa. Nyumba bora zinahitajika, na hakuna anayepaswa kulilia choo cha kushirikiana. Lakini ramani za majengo hazihifadhi mahali pazia lilipoangikwa, wala rangi ya mlango wa jirani, wala pale mtungi ulipowekwa. Kijumba huhifadhi. Basi wewe uliyezaliwa Bahati, Maringo au Ziwani, chukua futi ya fundi wiki hii, pima chumba ulicholelewa, hesabu madirisha, muulize mama kabati lilikaa upande gani, na uandike vipimo hivyo mahali ambapo watoto wako watavipata.