TV Madaba: Kutoka Kibanda Umiza Hadi Bando

Kabla hujalalamika bando limekata katikati ya muvi, cheki TV ilikotoka. Zanzibar walianza kuona TV ya rangi mwaka 1973. Bara wakasubiri miaka zaidi ya 20, hadi ITV ilipoanza mwaka 1994. Usiku wa Desemba 31, 2012, Dar ikazimiwa analojia. Kama huna king'amuzi, TV inabaki pambo la sebuleni. Januari 2016, Netflix nayo ikafunguliwa karibu dunia nzima.

Sasa njoo Madaba, kule kati ya Njombe na Songea. Gridi ya Taifa ilifika mwaka 2018, kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo wapo waliowasha TV kwa jenereta au sola. Wengine, kibanda umiza. Yaani umeme wa gridi umefika na kuikuta Netflix ina miaka miwili!

Ndiyo maana kijana wa huko akipata smati TV au kile kiboksi cha Android, dishi analiona la kizamani. Anawasha hotspoti ya simu, maisha yanaenda.

Ila hesabu ipo. King'amuzi kikilipiwa mwezi, nyumba nzima inaangalia, mpaka bibi na tamthilia yake. Bando ni la mwenye simu. Akitoka, anatoka nalo. Hata kibanda umiza ulilipa ndiyo uone, lakini mlicheka wote.

Dishi likishushwa, bibi ataomba hotspoti kwa nani?