Uwazi wa Valvu: Nyumbani, Gereji na Kijiweni

Katika injini ya mipigo minne, ambayo huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huushindilia, huulipua na hatimaye hutoa moshi, njia za kuingilia na kutokea hufunguliwa na kufungwa na valvu. Kwa kuwa chuma hutanuka kikipata moto, lazima uachwe uwazi mdogo kati ya valvu na kifaa kinachoisukuma, na kuurekebisha uwazi huo ndiko mafundi hukuita kuseti valvu au kuseti tapeti. Watu hudhani kwamba kuamua kazi hiyo ifanyiwe nyumbani au gereji ni suala la fedha na ujuzi wa mwenye chombo, ilhali historia ya pikipiki inaonyesha kwamba mara nyingi uamuzi huo ulikwisha kufanywa na mbunifu wa injini.

Injini za awali, kama zile za De Dion-Bouton za Ufaransa zilizoenea mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na valvu ya kuingizia iliyofunguka yenyewe kwa mvuto wa pistoni, hivyo ni valvu ya moshi tu iliyosukumwa kwa mtambo. Baadaye zikaenea injini zenye valvu ubavuni mwa silinda, mfano wake ukiwa BSA M20 iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, ambayo tapeti zake zilifikiwa kwa kufungua kifuniko kimoja cha pembeni na kurekebishwa kwa spana. Katika zama hizo, kuseti valvu kulihesabiwa miongoni mwa kazi za kawaida za mwenye pikipiki, sawa na kukaza mnyororo.

Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958, haikubadili desturi hiyo, kwani valvu zake zilirekebishwa kwa skrubu na nati ya kufungia, na modeli zake nyingi zilihitaji uwazi wa milimita 0.05 tu, ambao ni mwembamba kuliko karatasi ya kawaida ya kuandikia. Mabadiliko makubwa yalikuja na pikipiki za kasi, kama Kawasaki Z1 ya mwaka 1972 yenye ujazo wa cc 903, ambayo badala ya skrubu ilitumia shimu, yaani visahani vya chuma vya unene mbalimbali vinavyobadilishwa mpaka uwazi utimie. Mfumo huo hudumu muda mrefu bila kuguswa, na baadhi ya pikipiki za Yamaha za siku hizi hukaguliwa kila baada ya kilomita 42,000. Lakini katika injini nyingi za sasa shimu haibadilishwi mpaka kemshafti, yaani mhimili unaozisukuma valvu, ing'olewe, tena kwa kutumia akiba ya shimu ambayo si rahisi mtu binafsi kuwa nayo. Hapo ndipo gereji ilipoichukua kazi hiyo kutoka kwa mwenye chombo.

Afrika Mashariki ilifuata njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na oili hucheleweshwa kubadilishwa. Kwa sababu hiyo kemshafti iliwekwa chini, karibu na oili, na valvu zikasukumwa kwa fito na kurekebishwa kwa skrubu. Injini hiyo iliigwa sana na viwanda vya China, na nakala zake, pamoja na pikipiki za India kama Bajaj Boxer ambazo nazo hutumia skrubu, ndizo zilizoibeba biashara ya bodaboda, ambayo ilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960.

Kwa umbo lake, basi, pikipiki ya bodaboda ingeweza kusetiwa valvu uani kwa mwenyewe, lakini mara nyingi dereva si mmiliki, bali hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku au huendesha kwa mkataba, na kila saa ambayo chombo kimesimama ni abiria waliopotea. Kazi ikaangukia kwa fundi wa kijiweni, ambaye hafanyi kazi gereji rasmi wala nyumbani kwa mwenye chombo, na ambaye mara nyingi huseti kwa sikio badala ya kutumia vibamba vya kupimia. Hatari ya desturi hiyo ni kwamba mteja hupenda injini iliyo kimya, ilhali valvu iliyobana kupita kiasi hukosa kukaa sawasawa kwenye kiti chake, ambako ndiko hupozea joto lake jingi, na ile ya moshi huungua. Iliyolegea kidogo hugonga na kupunguza nguvu, lakini haiungui.

Kwa injini ya skrubu, mwenye chombo anayesubiri injini ipoe kabisa, akaweka pistoni kileleni wakati valvu zote mbili zimefungwa, na akapima kwa vibamba kwa kufuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yake, hana sababu ya kulipia kazi hiyo. Kwa injini ya shimu, gharama ya gereji yenye vifaa ni halali. Anayemtegemea fundi wa kijiweni naye amdai kipimo, asiridhike na ukimya wa injini.