Sementamu ya Mzizi: Tishu Inayostahili Kuachwa Mahali Pake

Vitabu vingi vya anatomia ya meno huishughulikia sementamu kwa aya chache tu, baada ya enameli na dentini, na kuieleza kuwa ni ganda jembamba linalofunika mzizi. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaiweka tishu hii upande usio wake. Sementamu hutokana na seli za kifuko kinachozingira jino changa, kifuko kilekile kinachozaa ligamenti ya jino na mfupa wa tundu lake. Kwa hiyo kiasili na kikazi imo katika kundi la tishu zinazolishikilia jino. Upekee wake katika kundi hilo ni yale isiyoyafanya: haina mishipa ya damu, haina neva, na haibomolewi na kujengwa upya kila mara kama ifanyiwavyo mifupa. Ninashikilia kwamba utulivu huo ndio kazi yake kubwa, na kwamba tabibu anayeikwangua sementamu bila sababu anaharibu asichoweza kukirudisha.

Kwa uzito, karibu nusu ya sementamu ni madini ya haidroksiapataiti. Inayobaki ni maji na protini, hasa kolajeni. Shingoni mwa jino unene wake ni maikromita 20 hadi 50, na kwenye ncha ya mzizi hufika 150 hadi 200. Sehemu ya juu ya mzizi, kuanzia shingoni, hufunikwa na sementamu isiyo na seli ndani yake. Hii hukua polepole mno, maikromita chache kwa mwaka, na imesheheni nyuzi za kolajeni zenye jina la mwanaanatomia wa Uskoti, William Sharpey. Upande mmoja nyuzi hizo zimegandishwa na madini ndani ya sementamu, upande wa pili zimezama katika mfupa wa taya, na kati yake kuna nafasi ya takriban robo milimita. Mtu anapong'ata muwa, nguvu yote ya taya hupita katika nafasi hiyo.

Chini, penye ncha na penye panda za mizizi ya magego, hutawala sementamu yenye seli. Hujengwa haraka zaidi, hushika nyuzi kwa uthabiti mdogo zaidi, na kazi yake kubwa ni kufidia: meno yanapolika juu kwa kutafuna, tabaka huongezwa chini. Zander na Hürzeler walionyesha mwaka 1958 kwamba kati ya umri wa miaka 11 na 76 unene wa sementamu huongezeka karibu mara tatu.

Ushahidi mzito kuliko wote kwamba sementamu isiyo na seli ndiyo inayolishikilia jino unatoka kwenye ugonjwa adimu wa kurithi, haipofosfatasia. Mgonjwa ana upungufu wa kimeng'enya kinachovunja pirofosfati, kemikali inayozuia madini yasigande. Sementamu isiyo na seli hushindwa kuumbika, au huumbika kidogo sana. Kwa kawaida jino la utotoni hung'oka baada ya mzizi wake kuliwa na mwili wenyewe. Kwa watoto hawa meno ya mbele hudondoka kabla ya miaka mitano, mzizi ukiwa mzima. Jino lipo, mfupa upo, ligamenti ipo, lakini nyuzi hazina pa kujishikiza. Mzazi akija na jino la namna hiyo mkononi, mganga asiliite ajali ya utotoni. Huenda hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mifupa.

Utulivu huohuo ndio unaowezesha meno kupangwa kwa nyaya. Shinikizo linapowekwa, mfupa huyeyuka upande mmoja na kujengwa upande wa pili, huku mzizi ukibaki karibu kama ulivyokuwa, kwa sababu sementamu hustahimili seli zinazokula mfupa. Vishimo vidogo vikitokea, kwa kawaida sementamu mpya huviziba.

Sasa tuje kwenye mazoea ya kliniki. Kwa miongo mingi, tiba ya ugonjwa wa fizi ilidai mzizi ukwanguliwe hadi sementamu iliyoguswa na ugaga iondoke, kwa imani kwamba sumu za bakteria zimeipenya. Mwaka 1986 Moore, Wilson na Kieser waligundua kwamba asilimia 39 ya sumu hizo hutoka kwa kusuuza taratibu, na asilimia 60 nyingine kwa kupiga brashi. Mwaka 1988 Nyman na wenzake wakalinganisha, katika vinywa vya wagonjwa walewale, meno yaliyokwanguliwa sementamu na yale yaliyoondolewa ugaga tu: matokeo yalikuwa sawa. Mtu anaweza kujibu kwamba ugaga hujificha katika mikwaruzo ya mzizi, na kwamba mkono wa tabibu hauwezi kupima maikromita. Ni kweli. Lakini hilo ni hoja ya kutumia kifaa kwa wepesi na kumrudia mgonjwa kumkagua. Halihalalishi kukwangua hadi dentini, maana kinachoota baadaye mara nyingi ni sementamu ya ukarabati, isiyoshikana vizuri na mzizi, na mgonjwa hubaki na jino linalouma akinywa maji baridi.

Nje ya kliniki, kosa ni lilelile. Jino la ukubwani likichomoka kwa kuanguka, watu hulisugua liwe safi, kisha hulifunga katika karatasi au kitambaa kikavu. Kumbe uhai wake umo katika seli zilizonata juu ya sementamu, na baada ya dakika 60 za ukavu seli hizo huhesabiwa kuwa zimekufa. Lishikwe kwa taji, lisuuzwe kidogo kama lina uchafu, lirudishwe tunduni palepale, au litiwe katika maziwa na kupelekwa haraka kwa daktari wa meno. Jino la utotoni halirudishwi. Seli za jino la ukubwani zikishakufa, mfupa hugusana na mzizi na kuanza kuula, nafasi yake ikijazwa mfupa. Kwa mtoto mchakato huo huenda kasi kuliko kwa mtu mzima, na taya linapoendelea kukua, jino hilo lililoshikamana na mfupa hubaki chini ya wenzake.